Ndizi za Mgandini hazina kosa

"Shikamoo Bi Mkunga. Naishi Makorora, Tanga. Nina mtoto mmoja wa miaka minne na sasa nina mimba ya wiki 12. Juzi nilikwenda kupiga ultrasaundi nikaambiwa ni watatu: mmoja yuko peke yake, wawili wako kwenye chupa moja na utando wa kuwatenga hauonekani. Aliyenipima akasema 'inawezekana wameungana', akanipa karatasi, akaita mwingine. Mavyaa wangu anasema ni zile ndizi pacha nilizokula mimba ikiwa na miezi miwili. Alinikataza, nikacheka. Sasa silali. Watoto huunganaje? Hao watatu wametoka wapi na kwetu hakuna pacha? Na kama wameungana kweli, huwa wanaishi?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na ndizi, maana nikiisoma barua yako naona zinakutesa kuliko hao watoto wenyewe. Ndizi za kushikana nazijua. Pale Mgandini muuzaji akizikuta kwenye chane huzibandua akaziweka pembeni, au akampa kijana wa mkokoteni, kwa sababu akina mama hawazigusi. Mimi mwenyewe nilikatazwa na bibi yangu kule Pangani, na yai la viini viwili nikakatazwa pia. Sikuwahi kubishana naye. Lakini wewe umeuliza, kwa hiyo chukua kalenda.

Wiki za mimba tunazihesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho. Kwa mwenye mzunguko wa siku 28, yai hutoka siku ya 14 hivi, na kama litakutana na mbegu, hukutana siku hiyo hiyo au kesho yake. Pacha wa kufanana ni yai moja ambalo baada ya mimba kutungwa liligawanyika, na habari yote iko kwenye siku ya kugawanyika. Likiwahi, ndani ya siku 3 za mwanzo, kila mtoto anajijengea kondo lake la nyuma na chupa yake. Likigawanyika kati ya siku ya 4 na ya 8, wanachangia kondo moja lakini kila mmoja na chupa yake. Kati ya siku ya 8 na ya 13, wanachangia kondo na chupa pia, kama ulivyoambiwa wewe. Likichelewa zaidi ya hapo, mgawanyo hauishi, na watoto wanabaki wameshikana mahali.

Sasa jumlisha 14 na 13. Unapata siku ya 27 ya mzunguko, kabla hedhi haijachelewa hata siku moja. Hujanunua kipimo, hujatapika, mumeo hajui, mavyaa hajui, nawe hujui. Wewe ndizi umezila miezi miwili. Wakati unazimenya, hao watoto walikuwa wameshakuwa vile walivyo kwa wiki kadhaa. Mwambie mavyaa kwa adabu, au mpe simu asome mwenyewe hapa.

Wanafunzi wa ukunga nilikuwa nikiwafundisha jambo hili kwa donge la chapati. Ukilikata likiwa bichi, kila kipande unakiviringa kinakuwa donge zima, hata mtu asijue vilikuwa kimoja. Ukishaanza kulisukuma likawa na umbo, ndipo ukakumbuka ulitaka mbili, ukilivuta litanyooka katikati lakini utepe utabaki. Siku ya 13 au ya 14 kile kidonge cha mtoto kinakuwa kimeanza kusukumwa: kichwa kitakuwa huku, mgongo utapita hapa. Kukigawanya hapo kumechelewa. Wapo wataalamu wanaoshikilia maelezo mengine, kwamba mgawanyo huwa umekamilika, kisha wale wawili wakiwa bado laini wakagusana na kuganda tena. Ubishi huo una miaka mingi. Kwa mama mjamzito hauna tofauti, kwa sababu vyovyote iwavyo hutokea mapema mno na hakuna tendo la mtu linaloleta wala kuzuia.

Kuna jambo ambalo limenishangaza tangu nilipojifunza. Watoto hawa hawaungani ovyo ovyo. Huwa kifua kwa kifua, tumbo kwa tumbo, utosi kwa utosi, nyonga kwa nyonga, tako kwa tako. Hukuti mkono wa huyu umeota kwenye goti la yule. Kwa kuwa ni yai moja, sikuzote ni jinsia moja, na wanaozaliwa hai wengi ni wasichana, kama 7 katika kila 10. Wanaoungana kifuani ndio wengi kuliko wote. Wa kichwani ni wachache sana.

Umeuliza watatu wametoka wapi. Ule usemi wa "pacha ni wa ukoo" ni kweli nusu. Pacha wasiofanana, wa mayai mawili, ndio wanaofuata ukoo wa mama, na huongezeka kadiri mama anavyozaa na kukaribia miaka 35 na kitu. Pacha wa yai moja hawana ukoo. Hutokea kama uzazi 4 katika kila 1,000, awe mama ni Msambaa, Mhindi au Mzungu. Mapacha watatu basi wana njia zaidi ya moja: mayai matatu, au mayai mawili, moja likagawanyika, au yai moja likagawanyika, kisha nusu yake ikagawanyika tena. Wako, kwa jinsi walivyokaa, huenda ni njia ya pili: huyo wa peke yake ana yai lake, hao wawili ni wa yai moja. Akiwa ni wa yai lake, hawezi kuungana na wenzake. Akizaliwa, atafanana nao kama unavyofanana na dada yako, basi. Watatu wote kuungana kwa pamoja ni kisa ambacho vitabu vya tiba vimekiandika mara chache mno. Linalotokea, nalo si mara nyingi, ni wawili kuungana na wa tatu kuwa pembeni mzima.

Zamani, mwaka 1895, mtu mmoja aitwaye Hellin aliandika kanuni ya kukadiria: pacha wawili uzazi 1 katika 89, watatu 1 katika 89 mara 89, yaani 7,921. Ni kanuni ya makadirio tu, na dawa za siku hizi zimeivuruga. Hapo nina swali kwako, nalo ukalijibu kliniki bila haya: ulitumia vidonge vya kupevusha mayai? Najua vinanunuliwa dukani kwa kunong'ona. Kama ulivitumia, hayo mayai mawili yameeleweka, na daktari anahitaji kujua. Mavyaa hahitaji.

Haya, tuje kwenye lile neno "inawezekana". Neno hilo halitupwi mlangoni mtu akiwa ameshika kitasa, na aliyekufanyia hivyo alikosea hata kama alichokiona ni kweli. Watoto kukaa chupa moja na watoto kuungana ni mambo mawili. Wanaoungana hukadiriwa mimba 1 katika kila 50,000 au hata pungufu ya hapo. Wanaokaa chupa moja bila kuungana ni wengi zaidi yao. Tena ule utando wenyewe, unapokuwepo, ni mwembamba kama ngozi ya kitunguu. Mashine ikiwa ya zamani au mpimaji akiwa na haraka, hauonekani. Nimeona akina mama wamelia wiki nzima, wakarudi kupimwa, utando ule pale unapeperuka.

Kwa hiyo usilale na karatasi hiyo. Nenda Hospitali ya Bombo ndani ya siku hizi, kabla ya wiki ya 14, kwa sababu mpaka hapo ndipo idadi ya makondo na chupa husomeka vizuri. Baadaye watoto hujaza nafasi na picha huwa ngumu. Mwombe mpimaji akae nao, asiwapige picha moja akaondoka. Kuna dalili tunazozitafuta. Je, vichwa viko usawa mmoja kila akitazama, hata ukigeuka ubavu? Je, mmoja akirusha miguu, mwenzake anavutwa naye au anabaki kimya? Kitovu ni viwili, au ni kimoja chenye mishipa mingi kuliko ile mitatu ya kawaida? Je, mioyo ni miwili, na kila mmoja una mwendo wake? Watoto waliotengana kuna wakati watapeana kisogo. Nilishawahi kukaa na mama mmoja mbele ya skrini tukingoja hilo tu, dakika ishirini na ushei, nimemshika mkono, mpaka mmoja akapata kwikwi. Mwili wake mdogo ukaruka, ukaruka tena. Mwenzake akatulia, hakutikisika. Mama aliona kabla mpimaji hajasema neno.

Hata wakiwa hawakuungana, mimba yako si ya kupelekwa kama ile ya kwanza. Wa chupa moja vitovu vyao husokotana, na wa kondo moja mmoja aweza kumnyonya mwenzake damu. Utapimwa kila wiki mbili kuanzia wiki ya 16, na kwa kawaida wa chupa moja hutolewa kwa upasuaji kati ya wiki ya 32 na ya 34. Mapacha watatu wenyewe mara nyingi hawafiki mbali zaidi ya hapo. Watakuwa wadogo, chini ya kilo 2 kila mmoja, watahitaji kubebwa kifuani ngozi kwa ngozi, na mikono miwili ya mama haiwatoshi watoto watatu, kwa hiyo baba na huyo mavyaa watavua mashati nao. Meza vidonge vya kuongeza damu kila siku. Kichwa kikikuuma sana, macho yakiona ukungu, uso ukivimba, usingoje kesho: hicho kinaweza kuwa kifafa cha mimba, na kwa watatu huja mapema.

Na kama wameungana kweli?

Nilikuwa mwaka wa tatu kazini, zahanati ya njia ya Pangani, tukapokea mama aliyeumwa uchungu tangu usiku wa kuamkia jana yake. Wakati huo ultrasaundi ilikuwa habari ya Dar es Salaam. Mtoto hakushuka. Tukampakia kwenye gari la mzigo, akafanyiwa upasuaji mjini. Walikuwa wasichana wawili, wameshikana kutoka kifuani hadi kitovuni, uso kwa uso, kama watu wanaonong'onezana. Nikaweka pembe ya kusikilizia kwa huyu, nikaweka kwa yule. Pigo lilikuwa lile lile, halikupishana hata kidogo. Walikuwa na moyo mmoja. Lakini mmoja alipiga chafya na mwenzake akaendelea kulala. Mmoja alilia akanyamaza, ndipo wa pili akaanza. Mkubwa wa zamu akaniambia niandike "mtoto" kwenye kitambulisho cha mkononi. Nikaandika viwili, "wa kulia" na "wa kushoto", nikafunga kila mmoja chake. Walifika magharibi. Baba yao akawapa majina mawili, wakalala kaburi moja.

Sikufichi: wengi huishia hivyo. Karibu nusu huzaliwa wamekwisha kufa, na wanaozaliwa hai, kama thuluthi moja hawamalizi siku. Linaloamua zaidi ni wamechangia nini. Wakichangia ini, ini hugawika na hujijaza tena. Wakichangia ngozi, nyama na mfupa wa chini ya mgongo, kazi ni kubwa lakini ina njia. Moyo ukiwa mmoja, mara nyingi hakuna cha kutenganisha.

Na kutenganisha si kupitisha kisu katikati. Kwa kawaida huwaacha wakue miezi kadhaa, mradi hali zao zinaruhusu. Wakati huo hupigwa picha za mishipa yote, na chini ya ngozi yao huwekwa vipira ambavyo hujazwa maji ya chumvi kidogo kidogo, wiki hadi wiki, ngozi inyooke, kwa kuwa siku ya kutenganishwa kutabaki pengo pana na ngozi ya kuliziba lazima iwe imeandaliwa. Majirani zetu Kenya, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, mwezi Novemba 2016 walitenganisha wasichana wa miaka miwili waliokuwa wameungana sehemu ya chini ya mgongo. Upasuaji ulichukua saa 23 na wote wawili wakapona. Wavulana wa Zambia walioungana vichwa walitenganishwa Afrika Kusini mwishoni mwa 1997, nao wakaishi. Watoto wa Kitanzania wamekwisha kutenganishwa Riyadh, mwaka 2018 na tena 2023, Saudia ikiwa na mpango maalumu wa jambo hilo, na mwaka 2022 upasuaji wa namna hiyo ulifanyika Muhimbili. Kwa hiyo ukisikia mtu wa mtaani anasema "hao hawana dawa", mwache.

Ila upo upande mwingine. Ladan na Laleh Bijani, wasichana wa Iran walioungana vichwa, walikuwa na miaka 29 walipoamua wenyewe kutenganishwa Singapore mwaka 2003. Walikuwa wamesoma sheria, wanajua hatari. Wote wawili walifariki kwenye upasuaji. Mimi nikiwa mkunga sina neno la kuwahukumu.

Na wapo waliobaki hivyo hivyo wakaishi. Chang na Eng Bunker, waliozaliwa Siam, Thailand ya leo, mwaka 1811, waliungana kifuani kwa kipande cha nyama na ini. Walioa dada wawili Marekani mwaka 1843, wakawa na nyumba mbili, siku tatu kwa mke huyu na siku tatu kwa yule, wakazaa watoto 21 kwa jumla. Walikufa Januari 1874, mmoja akamtangulia mwenzake kwa saa chache. Madaktari wa leo wangewatenganisha. Abby na Brittany Hensel, waliozaliwa 1990 huko Minnesota, wana vichwa viwili na kiwiliwili ambacho kwa nje ni kimoja. Kila mmoja anaongoza mkono na mguu wa upande wake, na bado wamejifunza kuendesha gari na wamekuwa walimu. Kwenye mtihani wa udereva kila mmoja alitahiniwa kivyake.

Lakini kwa nini niende mbali, wakati sisi tulikuwa na Maria na Consolata Mwakikuti? Walizaliwa Makete mwaka 1996, wakalelewa na masista, wakamaliza kidato cha sita 2017 na kuingia Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Ruaha kule Iringa, wasomee ualimu. Kila mmoja alikuwa na kichwa chake, moyo wake na mikono yake. Walipoulizwa kuhusu kutenganishwa, walisema hawataki. Walipoulizwa kuhusu ndoa, walisema wataolewa na mume mmoja, na walisema huku wanacheka. Walifariki Iringa tarehe 2 Juni 2018, matatizo ya kupumua, wakapishana kwa muda mfupi tu, wakazikwa Tosamaganga. Miaka 21 si mingi, lakini nilipowaona kwenye televisheni walikuwa wakikatizana maneno kama ndugu wowote wawili waliokaa benchi moja.

Maana ni watu wawili, mwanangu, hilo hata dini ilikwisha kulijadili. Mashehe husimulia kisa kinachonasibishwa na Sayyidna Ali, alipoulizwa mrithi mwenye vichwa viwili ahesabiwe mmoja au wawili. Akasema mwacheni alale, kisha muamsheni: wakiamka wote kwa pamoja ni mmoja, akiamka mmoja na mwenzake akabaki usingizini ni wawili. Kila nikikikumbuka kisa hicho naiona ile chafya. Ikitokea kwako, ni majina mawili, vyeti viwili vya kuzaliwa, na akika ya kila mmoja.

Fanya hivi. Bombo nenda asubuhi, uchukue kadi yako ya kliniki na ile karatasi uliyopewa, hata kama imekuudhi. Mpimaji akuandikie mambo matatu kwa maandishi: makondo mangapi, chupa ngapi, na wawili hao wameonekana wakienda mbalimbali au la. Ikionekana kweli wameungana, omba rufaa ya Muhimbili mapema, mimba ikiwa bado changa, wakaangalie mioyo yao. Usisubiri tumbo likue. Watoto walioungana hutolewa kwa upasuaji uliopangwa tarehe, na unataka kuwa Dar es Salaam tarehe hiyo, si kwenye bajaji ya Makorora saa nane usiku.

Na mavyaa mchukue. Akae kwenye kiti cha upande wa skrini, umwachie nafasi aone vizuri. Mavyaa aliyeviona vidole vya wajukuu zake vikichezacheza mle ndani, sijapata kumsikia akirudia habari za ndizi njiani. Nikijaliwa uzima, nitasubiri majibu yako.